Kipande cha Bati Katika Barafu

Siku hizi kila kitu kinaitwa kazi ya mikono, hata kahawa. Pale Balad, mji mkongwe wa Jeddah, ndani ya duka ambalo zamani lilikuwa ghala la mchele na mimi nikishusha magunia mlangoni mwake, wameandika ukutani kwamba kahawa yao hutengenezwa kwa mkono. Nilichungulia. Kijana alibonyeza kitufe, kahawa ikatoka.

Basi nimeona niandike habari za mtu aliyefanya kazi kwa mikono yake kweli, na mikono ikamfia yeye angali hai. Jina lake Nahashon. Alikuwa Mkisii wa Tabaka, Kenya, Msabato, na kwa miaka kumi na moja alichonga barafu hapa Jeddah.

Najua kuna atakayecheka. Barafu, katika mji ambao shati hukugandia mgongoni kabla hujafika kona ya kwanza? Lakini joto ndilo linalowafanya wenye mali waitake. Katika harusi zao huweka katikati ya ukumbi farasi wa barafu, au mtende, au majina ya maharusi, na taa zikawashwa chini yake. Kesho yake ni maji yanayosukumwa kwa ufagio. Mimi niliiona kazi hiyo kuwa ufujaji mtupu, mpaka nilipomjua aliyeifanya.

Tuliishi jengo moja, mtaa wa Al-Baghdadiyah. Chumba chake kilikuwa na watu sita na hakikuwa na pa kukaa ila kitandani, kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi alishuka kwangu kunywa chai. Alikuwa mtu wa maneno machache. Habari zake nilizipata kidogo kidogo, Ijumaa baada ya Ijumaa.

Kwao Tabaka wanachimba jiwe laini na kulichonga. Wanaume huchonga, wanawake hupiga msasa ndani ya karai la maji mpaka jiwe ling'ae, na likiwa na ufa, wao ndio huujaza kwa unga wa jiwe lilelile. Baba yake alichonga, mama yake alipiga msasa. Yeye alichonga, na mkewe, Eucabeth, akapiga msasa. Mchongaji wa huko hatii patasi kwenye jiwe kabla hajalimwagia maji, kwa sababu jiwe kavu huficha nyufa zake na likilowa huzionyesha. Wakaishi hivyo mpaka vibanda vya watalii vikajaa vinyago vilivyomiminwa viwandani, vyote sura moja, na watu wakavipenda kwa sababu ni rahisi. Nahashon akaja huku kubeba vitalu katika kiwanda cha barafu kule kusini mwa mji. Miaka minne baadaye Eucabeth naye akaja, akaandikwa kazi ya ndani kwa familia moja ya Riyadh. Wote wawili wakawa nchi moja, na kati yao kilomita mia tisa na ushei. Walionana mara mbili.

Mchongaji wa kiwanda alikuwa Mfilipino mtu mzima. Siku moja alimkuta Nahashon amekichonga kipande kilichotupwa kikawa kiboko, kwa kijiko cha chakula. Akacheka, akampa patasi na kitalu kizima kilichotoka kwenye friza dakika ile. Nahashon akafanya alivyofundishwa na baba yake: akachukua ndoo ya maji akamwaga. Kitalu kililia kama bunduki na kupasuka katikati.

Mfilipino akamfundisha upya. Barafu itokayo friza usiiguse kwa maji. Ngoja. Kwanza itapata ukungu mweupe, kwa sababu ya unyevu wa Jeddah. Ukungu ukiondoka na barafu ikawa kama kioo, imekaribia. Kisha weka kiganja kitupu. Kikinaswa, bado ina hasira. Kikiteleza, anza kazi. Mfilipino aliporudi kwao, Nahashon ndiye aliyebaki na patasi.

Na kazi zake hakuziona. Namaanisha hakuziona pale zilipotazamwa. Ukumbi wa bibi arusi ni wa wanawake peke yao. Mafundi huingia mchana, husimamisha, na ikifika alasiri hufukuzwa wote, mlango ukafungwa. Simu za wageni hukusanywa mlangoni, picha hakuna. Miaka kumi na moja mtu anachonga, na hajui kama kuna aliyesimama kutazama. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake.

Ijumaa moja niliweka bilauri za chai juu ya chuma cha jiko ili zisipoe. Nilipogeuka kutafuta kitambaa, yeye alikuwa amekwisha kuchukua yake na kuikumbatia kwa vidole vyote. Nikasikia harufu.

"Nahashon! Weka chini!"

"Nini, mzee?"

"Unaungua!"

Akatazama mkono wake kama mkono wa jirani. Ngozi ilikuwa imejikunja.

"Sikusikia," alisema. Baadaye akaongeza: "Ni mwaka wa pili sasa. Ule msumeno wa mota unatetemeka, na baridi inamalizia. Vidole vinakuwa vyeupe kama chaki. Usimwambie mtu."

"Na barafu unaipimaje?"

"Kwa macho. Ukungu ukiondoka, naanza. Haijanidanganya."

"Si urudi nyumbani utibiwe?"

"Nirudi nikafanye nini? Hapa barafu inanificha, kila mtu anavaa glovu. Nyumbani nitakuwa mchongaji asiyesikia jiwe. Na Eucabeth nimwache huku peke yake?"

Mwaka uleule bosi akanunua mashine. Unaipa picha kwenye kompyuta, inakata barafu yenyewe usiku na mchana, haivai glovu, haili. Aliyeiendesha alikuwa Kevin, mtoto wa Nairobi, mwenye mdomo mwepesi na moyo usio mbaya.

"Buda wa mawe," alimwambia Nahashon, nami nilikuwapo siku hiyo nikimpelekea dawa ya mkono, "hii farasi yako siku mbili. Yangu masaa matatu, na meno iko nayo."

"Yako inafanana na ya jana."

"Na ya kesho pia. Si ndiyo raha yake? Unakunywa chai, farasi inajizaa."

Bosi akamwita Nahashon ofisini. Ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ilikuwa imebakiza miezi miwili. Bosi akasema wazi: mchongaji wa mkono hana haja naye tena, labda atokee mteja anayetaka kitu ambacho mashine haikijui. Kikitokea na mteja akafurahi, atahuisha ikama. Kisipotokea, halas, ajiandae kwenda zake moja kwa moja.

Kitu hicho kikatokea, na aliyekitoa ni Eucabeth.

Kule Riyadh kazi yake ilikuwa kumhudumia bibi kizee wa ile familia. Bibi huyo alizaliwa Balad, katika nyumba ya mawe ya bahari, na macho yake yalipoanza kufifia akawa hazungumzi ila nyumba ile. Alizungumza zaidi roshani yake: lile dirisha la mbao lililotokeza nje kama kabati, limesukwa kwa vijiti vyembamba vilivyoacha matundu, mwanamke akakaa ndani akaona njia nzima asionekane. Nyumba ilianguka baada ya mvua miaka mingi iliyopita. Picha hakuna. Mjukuu wa bibi alikuwa anaolewa, na ukumbi ulitaka kitu cha barafu. Eucabeth akiwa anamsugua bibi miguu, akamwambia mwajiri wake, "Madam, mume wangu anaweza kumchongea mama ile roshani." Madam akapiga simu Jeddah. Kwa hiyo, kazi ikiharibika, ingekuwa imeharibika juu ya neno la Eucabeth pia.

"Mzee," Nahashon aliniuliza, "wewe ulibeba mizigo Balad miaka arobaini. Unaijua nyumba hii?" Akaitaja kwa jina la mwenyewe.

Niliijua. Nimepeleka sukari pale, na mkaa, na siku moja jeneza tupu. Nikampeleka Balad kwa miguu. Kila nyumba iliyosalia sasa imepakwa rangi na kuwekewa kibao na mlinzi anayekuuliza unatafuta nini, mimi, niliyekuwa naingia humo bila kubisha. Mahali pa nyumba ile pana kiwanja kitupu kilichozungushiwa mabati. Nikamsimamisha mbele ya nyumba nyingine yenye roshani inayofanana, nikamwonyesha kwa fimbo.

"Hivi, lakini pana zaidi. Hapa juu kulikuwa na taji ya maua. Chini ilikaa kama tumbo la mashua. Na sikiliza. Pembe ya chini, mkono wa kushoto, tundu moja lilizibwa kwa bati."

"Bati gani?"

"La mkebe wa chai. Limepigiliwa kwa misumari minne. Kila nikipumzisha gunia macho yangu yalikuwa hapo."

"Kwa nini walilitia bati, nyumba ya matajiri?"

"Sijui. Lakini lilikuwapo."

"Nikiziba tundu, wataona nimekosea."

"Atakayejua hataona hivyo."

Alichonga siku tisa. Nilikwenda siku ya mwisho. Vitalu saba, na kila upande umetobolewa matundu madogo kama ya kimia, mamia, hakuna mawili yaliyolingana sawasawa, maana mkono haulinganishi. Na pale pembeni, tundu moja lilikuwa halikutobolewa. Alilikwaruza likawa jeupe, na alama nne za misumari. Nilikohoa ili nisionekane nalia.

Kevin alikuwa anaizunguka ile roshani na kifaa kinachotoa mwali mwekundu, akiupitisha polepole juu ya kila tundu.

"Hicho nini?" nikauliza.

"Nachukua kumbukumbu tu, mzee. Bosi amesema."

"Kumbukumbu ya nini?"

"Si ikiyeyuka tubaki na kitu? Usinikazie macho hivyo, mzee, mi ni wa kutumwa."

Sikuelewa. Nimejisomea vitabu vingi kwa taa ya mafuta, na hilo sikulielewa.

Yaliyotokea Riyadh nimeambiwa na Nahashon na mkewe, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yao hayakupingana.

Gari la friza lilifika ukumbini saa nane mchana. Nahashon akavitoa vitalu, akavisimamisha, akangoja ukungu mweupe. Haukuja. Hewa ya Riyadh ni kavu, haina unyevu wa kugandia barafu. Vitalu vilitoka garini vimeng'aa kama kioo, na jicho lake, lililofundishwa Jeddah, likamwambia kwamba viko tayari. Hata hivyo alivua glovu akaweka kiganja. Kiganja hakikumwambia kitu. Alikiondoa akaona ngozi kidogo imebaki kwenye barafu, akadhani ni gamba la lile jeraha la chai. Akachukua maji ya kuunganishia vitalu, na ya kusafishia mikwaruzo ya njiani, akamwaga kama alivyomwaga baba yake juu ya mawe maisha yake yote.

Anasema hakuusikia mlio, aliuona. Ufa ulishuka kutoka kwenye taji hadi pembe ya kushoto, ukakoma kwenye bati. Upande wa mbele ukaachana upana wa kidole. Haukuanguka, lakini ungeanguka.

Na palepale msimamizi wa ukumbi akapiga makofi mlangoni: "Yalla, yalla! Wanaume nje!" Saa tisa ilikuwa imepita. Wenye maua wakatoka, wenye taa wakatoka. Nahashon akabaki ameshika roshani kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango, na msimamizi akaanza kumwita mlinzi.

Eucabeth aliingia akimsukuma bibi kwenye kiti cha magurudumu, maana bibi alitaka kuiona kabla ya wageni. Miaka mitatu walikuwa hawajaonana. Hawakusalimiana.

"Baba Celestine, imekuwaje?" alisema kwa Kikisii. Celestine ndiye binti yao.

"Nimeipasua."

"Wewe?"

"Sisikii vidole. Sikukwambia. Mama Celestine, ifanye kama jiwe lenye ufa. Kwangua unga kwenye kile kipande cha akiba kilicho sandukuni, changanya na maji kidogo, shindilia, usiache mpaka ishike."

"Nishindilie kwa kifaa gani?"

"Kwa mkono. Hakuna kingine."

Mlinzi akamshika bega, akatoka naye. Mlango ukafungwa.

Yeye alikaa nje kwenye ukingo wa njia ya magari, juani, asijue. Mtu aliyeshika kazi yake yote na kibali chake cha kuishi nchi hii kwa mikono miwili, amefukuzwa, na kazi imebaki kwa mwanamke asiyewahi kugusa barafu ila ya kunywa.

Eucabeth alikwangua, akachanganya, akashindilia. Barafu bado ilikuwa na hasira, kwa hiyo unga ulishika mara moja. Baridi ileile iliyopasua ndiyo iliyounga. Na ilishika mikono yake vilevile. Kila alipobandua kiganja aliacha ngozi. Alikwenda hivyo kutoka pembe hadi taji, amepanda juu ya kiti cha dhahabu cha wageni, kisha akalainisha kwa pindo la aproni alilolilowesha, kama alivyolainisha mawe. Msimamizi akasema, "Wewe mfanyakazi, shuka hapo," na bibi kizee, ambaye hakuona vizuri lakini alisikia, akajibu kwa ukali kwamba huyu ni wake na amwache.

Alipomaliza, bibi akasema, "Nisogeze." Akanyoosha mkono, akapapasa matundu kwa ncha za vidole, moja baada ya moja, mpaka pembe ya kushoto. Mkono ukasimama.

"Nani amewaambia haya?"

Eucabeth akakisogeza kiti karibu zaidi.

"Nilikuwa na miaka tisa," bibi alisema. "Mvua ikaja. Vijiti vinapitisha vidole viwili tu, mimi nilitaka mkono wote ulowe. Nikavunja kwa mchi. Baba akanipiga, akaziba kwa mkebe." Akaacha kiganja chake juu ya bati la barafu mpaka Eucabeth akakiondoa kwa nguvu, kwa kuihofia ngozi yake. Akayaficha machozi ya bibi kwa shela, na yeye akaenda kuvaa glovu za jikoni ili madam asione mikono.

Roshani ilisimama mpaka mwisho. Mteja alifurahi, akampigia bosi simu ya shukrani. Nami nilimpokea Nahashon Ijumaa iliyofuata, nikamwambia, sasa umepona. Alitikisa kichwa. Hakuwa amemwona mkewe tena baada ya mlango kufungwa.

Bosi hakuvunja ahadi. Alihuisha ikama, kwa miezi mitatu. Alisema, "Kazi nzuri, mashaallah," akampa juisi. Na wiki hiyohiyo mashine ikaanza kukata roshani. Ile kumbukumbu ya mwali mwekundu ilikuwa na kila tundu, na kutolingana kwake, na kila kosa la mkono wake. Roshani ya Balad ikawa ndiyo harusi zote zinaitaka, Jeddah na Riyadh. Nahashon alipewa kazi ya kuzifunga kwenye sponji. Alifunga roshani zake mwenyewe, thelathini na kitu, na miezi mitatu ilipokwisha hakuna aliyemwita ofisini. Karatasi ya kuondoka ilimkuta mezani.

Nilimsindikiza hadi kwenye teksi. Nikampa mkono, akaukosa kidogo, akaushika mara ya pili kwa kuutazama.

Sasa yuko Tabaka. Eucabeth ananipigia simu siku ambazo madam amelala mchana. Anasema mumewe hashiki patasi. Anakaa upande wa wanawake, anawachotea maji ya kupigia msasa, na kila jiwe jipya likiletwa anaombwa alimwagie ili waone nyufa. Macho yake bado ni mazuri. Bibi kizee amefariki. Viganja vya Eucabeth vimepona, lakini mistari yake haikurudi.

"Baba, nimeiona tena," aliniambia mwezi uliopita. "Harusi ya jirani. Na bati lake."

"Walilisema nini?"

"Msichana mmoja alidhani ni uchafu. Akaja kulifuta na kitambaa."

Juzi Kevin alikuja kwangu na patasi za Nahashon ndani ya mfuko wa rambo; zilikuwa zimesahauliwa karakana. Hakutaka kukaa. Alisimama mlangoni akichezea kofia.

"Mzee, nikuulize kitu. Ile roshani, kuna shimo moja pale chini iliziba. Wateja wanaisumbua bosi kila siku, wanadhani mashine imeharibika. Bosi ameniambia niifungue, ni dakika moja kwa kompyuta. Lakini nikasema nikuulize kwanza. Buda aliiacha makusudi ama alikosea?"

Nilizitazama patasi. Mipini ilikuwa imeingia ndani pale vilipokaa vidole vyake. Nikamfikiria yule msichana na kitambaa chake, na harusi zote zijazo, na bati la bibi likifutwa kama uchafu katika kila moja.

"Alikosea," nikamwambia. "Fungua."

Akashukuru, akashuka ngazi kwa kurukaruka. Patasi nimeziweka chini ya kitanda, zimefungwa kwa nguo kavu.